Mapigo Thelathini na Tisa

Kocha Buhendwa alinichagua mimi kushika kaye, daftari la mazoezi ya binti yangu, kwa sababu, alisema, mwendesha baiskeli anadanganya ili asipumzishwe.

"Lakini wewe, Mama Charline, mutu wa misa ya asubuhi kila siku, utanidanganya?"

Nikacheka. Nikasema hapana.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu, hata kwangu niliyeishia darasa la sita. Kila asubuhi, kabla binti yangu Charline hajainuka kitandani, nilishika mukono wake kwa vidole viwili, saa ya marehemu baba yake mbele yangu, nikahesabu mapigo dakika moja nzima. Kuhesabu hivyo nilifundishwa na muuguzi, juma lile baba yake alipokuwa anakwisha. Hesabu hiyo niliandika upande wa kushoto. Upande wa kulia niliandika wati, yaani nguvu ambayo miguu yake ilisukuma dakika ishirini za kupanda njia ya Kibati. Kuna kifaa kidogo kwenye pedali kinachopima nguvu hiyo, na kuna mukanda wa kifuani unaosikiliza moyo. Vyote viwili vinapeleka namba kwenye simu iliyofungwa kwenye usukani. Kocha anakaa Gisenyi, ng'ambo ya mupaka. Kila Alhamisi alipiga simu, nikamusomea kaye.

Alinifundisha pia maana yake. "Mapigo ya asubuhi yakipanda kwa kumi, mutoto amechoka, alale. Yakishuka na wati zikapanda, ufurahi, moyo umepata nguvu. Lakini vyote viwili vikishuka pamoja, Mama, usingoje Alhamisi. Unipigie siku ileile."

Nilimurudilia maneno hayo kama katekisimu. Siwezi kusema sikujua.

Wasichana wawili tu wa Goma wangekwenda kwenye mbio za Kamerun, na wangechaguliwa Jumamosi moja kwa kupanda Kibati. Charline alikuwa na miaka ishirini na mbili. Mapigo yake yalikuwa arobaini na nane, wati mia mbili na tano. Siku moja kocha alisema waendesha baiskeli wakubwa wa Ulaya moyo wao unapiga chini ya arobaini, na neno hilo likaniingia. Nilipiga magoti, nikamwahidi Bikira Maria: mapigo ya mutoto wangu yakifika chini ya arobaini kabla ya Jumamosi hiyo, nitatoa shukrani mbele ya shirika letu la Mapendo, jumuiya ya sala ya wamama wa mutaa, na mukungu wa ndizi juu.

Majuma mawili kabla ya siku yenyewe Charline alishikwa na homa. Siku tatu alitetemeka. Tukampa dawa ya malaria, na siku ya ine akapanda baiskeli.

Halafu mapigo yakaanza kushuka. Arobaini na ine. Arobaini na mbili. Jumatano ile ya mwisho nilihesabu mara mbili nikapata thelathini na tisa, na machozi yakanitoka palepale kitandani kwake.

Wati nazo zilikuwa zimeshuka. Jumanne nilikuwa nimeandika mia moja makumi nane na nane.

"Ni betri ya pedali, Mama. Inakwisha," Charline alisema. Basi asubuhi hiyo nilitembea mpaka maduka ya Birere, nikanunua betri ndogo ya mviringo, nikaiweka kwa mukono wangu mwenyewe. Mchana nikabeba ndizi, nikaenda kwenye shirika. Lilikuwa nyumbani kwa Mama Nyiramahirwe, jirani yangu.

"Ule mutoto wako ananyonga baiskeli sawa vile anakimbia wakwe!" Mama Nyiramahirwe alisema, na wamama wakacheka.

"Mpaka Kamerun watamufwata?" nikajibu. Nikasimama, nikatoa ushuhuda. Nikasema Mungu ameshusha moyo wa mutoto wangu mpaka thelathini na tisa. Walipiga vigelegele. Waliimba. Mimi nilicheza, na magoti haya.

Jioni Charline alirudi kutoka Kibati. Hakuingia akiwa juu ya baiskeli. Aliisukuma, akakaa kwenye ngazi ya mulango, akavua kiatu kimoja, cha pili akakiacha. Sombe niliyomupikia hakuigusa. Nikatazama simu. Betri ilikuwa mupya, na wati zilikuwa mia moja makumi saba na moja.

Nilipaswa kupiga simu saa ileile. Nilifikiri juu ya wale wamama. Ndizi zilikuwa zimekwisha kuliwa.

Alhamisi kocha akapiga.

"Mapigo?"

"Thelathini na tisa."

"Eh. Na wati?"

Charline alikuwa amesimama mbele yangu, mikono ameiunganisha kama anasali. "Mama, tafazali," midomo yake ilisema, bila sauti. Betri ya zamani ilikuwa bado ndani ya kikombe juu ya meza.

"Charline anasema betri imekwisha," nikasema.

"Ununue ingine."

"Nitanunua."

Jumamosi nilipanda moto, pikipiki ya kukodi, mpaka Kibati, nikangoja pale juu pamoja na kocha. Tuliwaona wakitokea kwenye kona. Charline alikuwa wa tatu. Halafu akawa wa saba. Kisha akaanza kwenda huku na huku barabarani, kama mutu anayetafuta kitu alichoangusha, akaweka muguu chini, akaanguka kwenye mawe ya volkano.

Tulikimbia. Mimi nilimushika kichwa. Kocha alitazama simu ya kwenye usukani. Siku nyingine, mahali pale, moyo wake ulipiga mia moja makumi saba na tano. Sasa ilikuwa imeandika mia moja makumi tatu, na alama ya betri ya pedali ilikuwa imejaa. Akaendelea kuitazama, kisha akanitazama mimi.

"Betri iko muzima," alisema.

Hospitalini daktari alieleza polepole. Ile homa ilikuwa imeingia kwenye nyama ya moyo. Angepumzika, pengine ingetoka. Moyo uliposhuka haukuwa umepata nguvu, ulikuwa unashindwa. Ataishi, alisema. Mbio, hapana. Leo hata bidoni ya maji Charline haibebi kutoka bombani.

Jumatano iliyofuata nilikwenda kwenye shirika. Mama Nyiramahirwe alinikumbatia. "Ni shetani, mama wangu. Alitaka kuharibu ushuhuda wako."

"Shetani hakununua betri," nikasema. "Ni mimi niliinunua." Nikabaki nimesimama, nikawaambia yote, na zile namba mbili, moja baada ya ingine. Hakuna aliyeimba. Mutu mumoja alianza Salamu Maria, wengine wakamufwata kwa sauti ya chini.

Kesho yake, kabla Charline hajainuka, nilishika mukono wake kama kawaida.

"Ngapi?" aliuliza.

"Makumi sita na mbili."

"Mimi nilitaka kwenda Kamerun," alisema. "Wewe ulitaka nini, Mama?"

Hakungoja jibu. Alitoa mukono wake katika vidole vyangu, akaugeuza, akaufungua mbele yangu.

"Nipe saa ya papa yangu," alisema. "Nitahesabu mwenyewe."