Dang'a ya Rani

Siku ile kwetu walizaa wawili. Alfajiri alijifungua shemeji yangu Sughra, mtoto wa kiume, kadogo kama kifaranga. Jua lilipochomoza akazaa Rani, nyati wetu wa maziwa. Ndama alishanyonya kabla umande haujakauka. Mtoto wa watu, mpaka adhuhuri inapita, hajatiwa hata tone.

Kisa? Anasubiriwa Haji Barkat. Kwetu kitu cha kwanza kuingia kinywani mwa mtoto ni asali, na anayemlambisha ndiye ambaye mtoto atafuata tabia zake. Kwa hiyo mlambishaji hachaguliwi hivi hivi. Haji Barkat ni mjomba wa Amma, mama yangu; ana mashine ya mpunga mjini na hajawahi kugombana na mtu. Basi lake lilikuwa limeharibika njiani.

"Amma, nimlambishe mimi basi," nikasema.

"Wewe!" Amma akanikata jicho. "Ili naye aache chuo mwaka wa pili? Nitokee hapa, nusu-daktari!"

Kweli niliacha. Udaktari wa mifugo. Hayo tuyaache.

Kilichonitisha ni kwamba mtoto alikuwa amenyamaza. Asubuhi alilia kwa sauti ya muuza mboga, majirani wakacheka. Sasa kimya. Nikasogea kwenye pazia la chumba cha mzazi.

"Shemeji, vipi huko?"

"Analala tu," Sughra akanong'ona. "Namtekenya unyayo, hata hashtuki. Dada Tasnim wa afya aliniambia nimnyonyeshe akitoka tu. Alisema yale maziwa ya njano ndiyo kinga yake ya kwanza. Lakini mama anasema yamelala kifuani miezi tisa, yameoza. Niyakamulie kwenye majivu."

"Umeyakamua?"

"Nimemdanganya kwamba matiti yanauma."

Dada Tasnim alikuwa ng'ambo ya mfereji na matone ya polio, simu haipatikani. Kaka yangu yuko kwenye tanuri la matofali, na hata angekuwepo, mbele ya Amma huwa anakuwa kondoo.

Nikatoka uani. Amma anapika dang'a ya Rani, yale maziwa mazito ya mwanzo, kwa sukari guru na iliki. Harufu ilikuwa imewaleta majirani wote, kila mtu na bakuli lake. Mbele kabisa Khala Nuran, na bakuli lake siyo dogo.

Nikashika kitambaa, nikanyanyua chungu, nikaelekea kwenye lundo la majivu.

"Wee! Unakwenda wapi na chungu changu?"

"Kumwaga."

"Kumwaga nini?"

"Uchafu, Amma. Hebu ona rangi, njano kama bizari. Imelala kiweleni miezi yote hiyo, imeoza. Tusije tukaua watu wa watu."

"Nazakat, usinichezee!" Khala Nuran akaruka. "Nimefunga tumbo tangu asubuhi!"

"Subiri kesho kutwa, Khala. Yatatoka meupe, masafi."

Kandambili ikanipata sikioni. Amma hakosei.

"Mwendawazimu! Umesomea mifugo hujui dang'a? Hiyo ndiyo nguvu yenyewe! Asubuhi ndama hasimami, nani alimshika shingo akampeleka kiweleni? Si mimi? Asipoipata ile haoni jioni!"

"Sasa mbona hukumwambia amsubiri Haji Barkat?"

Khala Nuran alicheka mpaka akajipiga paja. Wenzake wakafuatia. Amma hakucheka. Alitazama chungu, akatazama pazia.

"Amma, mtoto halii," nikasema. Hapo sikuwa natania.

Alininyang'anya chungu, akakirudisha jikoni, akakikoroga kidogo kisiungue, maana Amma ni Amma. Akanawa mikono kwa sabuni. Akaingia, akavuta pazia.

Tukabaki tunasikiliza.

"Mlete. Siyo hivyo, mwanangu, tumbo lake kwa tumbo lako. Mguse mdomo kwa chuchu. Haya bwana mkubwa, fungua. Fungua, baba."

Wanawake wote na mabakuli yao wakasogea karibu na pazia.

"Ameshika?" Khala Nuran akaita.

"Funga mdomo wako, afungue wake!"

Halafu kikasikika kimlio chembamba, tch, tch, na mmezo. Na mwingine. Sughra akacheka huku analia.

"Mama, anavuta huyu! Ananiumiza!"

"Shukuru Mungu ana nguvu za kukuumiza. Msogeze kidogo, ashike vizuri."

Nikakaa chini palepale kwenye majivu.

Haji Barkat aliingia magharibi, vumbi mpaka kwenye kope, chupa ya asali kaishikilia kama yai. "Samahanini wanangu. Yuko wapi nimlambishe?"

Amma akamwekea bakuli la dang'a. "Umechelewa, mjomba. Kashalambishwa."

"Na nani?" Mzee akanitazama kwa hofu.

"Siyo huyo, Mungu apishe mbali! Na mama yake. Afanane naye, ana subira kunishinda mimi."

"Na asali hii?"

"Weka hapo. Asali ni ya wenye meno."

Mzee akala, akalamba vidole. Mtoto akaanza tena kulia kule ndani, sauti ileile ya muuza mboga, na hakuna aliyemwambia anyamaze.