Viroba Vitatu vya Mama Aneth

"Hivi, Mama Aneth, hiyo kahawa yako unaipeleka sokoni au unaipeleka seminari?"

Swali hilo aliliuliza Pelagia mwaka ule ushirika wa Nyakitonto ulipoanza kilimo hai, na wanawake waliokuwa kwenye foleni ya maji walicheka mpaka ndoo zikamwagika. Immakulata, Mama Aneth mwenyewe, naye alicheka. Angefanyaje? Kahawa yake haikuguswa na mbolea ya dukani, haikunyunyiziwa dawa, haikulala karibu na mafuta ya taa. Ilikuwa na meza yake ya kuanikia na kona yake ndani ya nyumba. Hata marehemu mumeo, alisema Pelagia, hukumtunza hivyo.

Walikuwa wamepakana mashamba miaka ishirini na sita. Wamezikiana, wamepokeleana watoto, wamegombana kwa ajili ya mbuzi na kupatana kabla ya Jumapili, maana jumuiya yao ni moja na mtu hawezi kushika rozari huku kanuna. Ila kwenye ushirika Pelagia hakujiunga. Alisema yeye hawezi kulima kwa kuulizwa maswali.

Mwaka 2013, mwezi wa sita ukielekea kwisha, Aneth akajifungua kule Kibondo, na mama yake akaenda kumtunza mzazi. Kahawa ilikuwa mezani, imemenywa, imeoshwa, bado siku chache ikauke. Akamwachia Pelagia.

"Igeuze tu, mwenzangu. Ikikauka, itie kwenye viroba."

"Nenda kamwone mjukuu. Nitaigeuza kama chapati."

Aliporudi, wiki tatu baadaye, alikuta viroba vitatu vimefungwa vizuri, vimepangwa juu ya mbao, na uwanja umefagiliwa. Akamshukuru Mungu, kisha akavuka mpaka kumshukuru jirani.

Asubuhi ya kupeleka kahawa ghalani alifungua kiroba kimoja anuse, kama ilivyo kawaida yake. Harufu iliyompanda puani haikuwa ya kahawa. Akaingiza mkono, ukatoka na vumbi jeupe.

Pelagia alikwisha kufika, ngata mkononi, tayari kumsaidia kubeba.

"Umeiona?" akasema, uso umemchanua. "Nilisema nisikuachie hasara. Mwaka jana maharage yangu fukusi waliyatoboa yakabaki kama vifungo. Nikasema, ya mwenzangu hailiwi. Ile dawa yangu ya unga niliyobakiza nikaichanganya humo, kiroba kwa kiroba. Wala usinilipe."

Immakulata alimtazama. Alijua dawa ile ilikuwa imebakizwa kwa ajili ya maharage ya msimu huu, na kwamba Pelagia hakuwa na nyingine.

"Asante, Mama Nickson," akasema. "Mungu akuzidishie." Na alimaanisha.

Viroba viwili vikakaa kwenye baiskeli, kimoja kichwani kwa Pelagia. Njia nzima Pelagia aliimba wimbo wa kupeleka matoleo, na Immakulata alisukuma baiskeli akiwaza. Ghalani kahawa ya watu wote humiminwa rundo moja. Akinyamaza, hakuna atakayejua leo. Lakini wanunuzi huipima huko mbele, na wakikuta dawa, jasho la kijiji kizima litarudishwa. Akisema, mwaka wake umekwisha, na jirani yake ataumbuka mbele ya watu kwa sababu ya wema. Aliomba njia ya tatu. Mpaka wanafika, hakuwa ameonyeshwa.

"Mwakeye, mama," alisalimia Tharsisi, mwenyekiti, kalamu sikioni. "Haya, mimina."

Immakulata akaushika mdomo wa kiroba. "Hii haimiminwi, mwenyekiti. Ina dawa ya kuhifadhia maharage."

Tharsisi akaishusha kalamu. "Nani kaitia?"

"Imetiwa nyumbani kwangu. Andika jina langu."

"Mama, sheria hii wewe ndiye uliyetufundisha. Mwanachama akitia dawa kwa mkono wake, ni miaka mitatu nje. Kwa hiyo nakuuliza tena."

"Nimeshajibu."

Hapo ndipo Pelagia alipoelewa. Alikuwa bado na kiroba kichwani. Akakitua polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

"Mwache huyo, hajui kudanganya," akasema. "Nimeitia mimi. Yeye alikuwa Kibondo kwa binti yake. Mimi sheria zenu sizijui, nawajua fukusi."

"Imeshakuwa maharage, bado chumvi tu hapo," mtu akanong'ona nyuma, na kicheko kikaanza, kikakatika Tharsisi alipogeuka.

"Miti haikuguswa, na mkono haukuwa wake," mwenyekiti akasema. "Mama Aneth anabaki mwanachama. Lakini viroba hivi haviingii. Msimu huu hana kahawa kwetu."

"Ni haki," akasema Immakulata.

Pelagia akamgeukia. "Na asubuhi ukanishukuru."

"Ulinitendea wema. Nisikushukuru?"

"Ungenitukana ningepumua."

"Nitakutukana jioni, tukishakula. Sasa hivi nina njaa."

Pelagia akamtazama kitambo, midomo ikimcheza, haijulikani kama ni kilio au kicheko. Kisha akainama, akaiweka sawa ngata, akajitwika kiroba kile kile, akapita katikati ya watu, akatoka kuelekea nyumbani.