Boriti za Bi Sabra

Zefania hakutulia. Tangu asubuhi alizunguka pale bandarini Nyamisati kama kuku anayetafuta pa kutagia: mara kibandani kwa afisa misitu, mara ukingoni, mara kibandani tena. Boriti arobaini za Bi Sabra, za mikoko, zilikuwa matopeni, zimekamatwa, na mwenyewe kazikalia, kagoma kuondoka. Mafuriko ya Elinino yalimzolea nyumba, vuli iko mlangoni, na wajukuu wanalala jikoni kwa jirani.

Kosa lilikuwa kibali. Alikiandika Zefania, mtendaji wa kijiji cha Bi Sabra, akakipiga muhuri. Na jamani, mtu huyu wa bara alivyoupenda muhuri ule! Watu walimwita Bwana Kibali, naye akachekelea. Ulipokuja waraka kwamba kwa sheria ya nchi kijiji hakina mamlaka ya kuruhusu mikoko ikatwe, ila serikali kuu tu, aliusoma, akaukunja, akaufungia kabatini. Angewaambiaje watu kwamba muhuri wake sasa ni wa kugongea maandazi?

Afisa misitu, Devotha, akaja na daftari lake. Hakuwa mkali. Alisema kama kibali kiliandikwa kabla waraka haujafika, atatoa onyo na mama achukue boriti zake. Kama ulikuwa umefika, boriti zinataifishwa, na mtendaji atajieleza Utete, wilayani.

Roho ya Zefania ikaruka kwa furaha. Uongo mmoja tu, na wote wawili wamepona.

"Haukufika," akasema. "Hadi leo."

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Devotha alifunua daftari, akaonyesha alama ya dole gumba la wino. Waraka ulichukuliwa hapahapa, na aliyeupokea aliweka dole. Basi, Devotha akauliza, aliyepoteza barua ya serikali ni nani?

Bi Sabra alikuja Nyamisati kila wiki kuuza samaki wa kukaushwa, na barua za kijiji alirudi nazo yeye, kazifunga kwenye pindo la kanga. Kusoma hakujua. Alilitazama dole lile.

"Ni langu," akasema. Kisha akamgeukia Zefania, polepole, bila hasira. "Mwanangu, barua ile nilikupa mkononi, ukaisoma, ndipo ukaniandikia kibali. Ilisemaje?"

Zefania aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Akamwambia, neno kwa neno, mbele ya Devotha.

Bi Sabra akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka kutoka juu ya boriti, akakung'uta tope kwenye kanga, akasogea pembeni ili Devotha azihesabu.