Maji ya Wageni

Nianze kwa kusema kwamba mama mkwe wangu si mtu mbaya. Nasema mapema, maana nitakayoyasimulia yanaweza kumfanya mtu amchukie bure, na kumchukia ni haki yangu mimi, siyo ya wapita njia.

Anaitwa Ng'wana Masalu. Kule Kalemela, kabla ziwa halijapanda, alikuwa na nyumba ya bati, viti vya mbao na kabati la glasi, na hakuna mtu aliyepita uani kwake akaondoka na koo kavu. Wageni ndio waliokuwa fahari yake. Kisha ziwa likaja taratibu, kwanza kwenye mpunga, halafu kwenye zizi, halafu asubuhi moja tukaamka maji yako mlangoni. Tuliokoa tulichoweza kubeba. Mdogo wake, mjomba Maige, akatupa vyumba viwili kwenye kiwanja chake huku pembeni mwa Somanda. Tangu hapo mama mkwe wangu akawa yeye ndiye mgeni wa watu, na kwake hilo lilikuwa baya kuliko kupoteza nyumba.

"Nikijiwa na mtu hapa, nitampa nini?" alikuwa akisema kila mara.

Ndipo wakaja watu wa mradi. Waligawa machujio ya maji kwa sisi tuliofukuzwa na ziwa, na kwa wazee na wajane wa mtaa ule. Ni ndoo mbili, moja juu ya nyingine, na katikati kuna chungu cha udongo. Maji unayamimina juu, yanapenya tone kwa tone, chini unafungua koki. Dada Matilda, afisa wa mradi, mtu wa Iringa, alitueleza kwa subira kwamba hayo ndiyo maji ya kunywa ya kila mtu nyumbani, hasa watoto. Mama mkwe aliitikia kwa kichwa mpaka nikaihurumia shingo yake.

Tulipofika nyumbani aliliweka chujio juu ya meza, chumba cha mbele, akalifunika kwa kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe. Pembeni akapanga glasi zake zilizosalimika.

"Haya ni maji ya wageni," akasema.

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. "Linatoa kidogo kidogo, Elina. Tukinywa sote, mgeni akija atakuta nini? Sisi tumezoea."

Sisi tulizoea maji ya lambo, ambalo tulichangia na ng'ombe wa mtaa mzima. Mimi tumbo langu ni la chuma. Lakini binti yangu Minza alikuwa na miaka mitatu, na tumbo lake lilikuwa halijazoea kitu chochote. Aliharisha tangu msimu wa pamba ulipoanza, anapata nafuu, anaharisha tena. Nilichemsha maji pale mkaa ulipokuwepo. Usipokuwepo alichota kwenye ndoo kama wengine. Hospitali waliniuliza mnakunywa maji gani, nikatamani kujibu kwamba nyumbani maji safi yapo, ila hatujawa wageni. Daktari akaniambia hatanidanganya: mtoto akiishiwa maji mwilini kwa mara nyingine, mambo yanaweza kuwa mabaya. Niliogopa. Nilimwona mwanangu akizikwa kwenye ardhi ya watu, na picha hiyo ikakataa kunitoka kichwani.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Kwetu mkamwana hajibizani na mama mkwe wake. Unapiga magoti, unasalimia, unapokea. Mume wangu Luhaga alikuwa Maswa kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na nilipompigia simu alinijibu kama wanaume wanavyojibu: "Ongea naye taratibu." Taratibu! Kama ingekuwa ni taratibu, chujio lenyewe na tone lake moja moja lingekuwa limeshamshawishi. Kuiba nako nilijaribu, lakini mama yule hulala chumba hicho hicho cha mbele, na usingizi wake ni wa mang'amung'amu.

Alasiri moja Matilda akaja kututembelea. Aliposikia hodi tu, mama mkwe uso ukamng'aa, akawa yule wa Kalemela. Niliitwa nimhudumie mgeni. Nikakinga glasi kwenye koki, nikapiga magoti, nikampa kwa mikono miwili.

Matilda akanywa nusu, akalitazama chujio na kitambaa chake. "Mama, hongera. Mnalitunza vizuri kweli. Na mtoto hajambo?"

"Hajambo kabisa," akasema mama mkwe.

Huyo asiye na jambo alikuwa amelala mgongoni kwangu, mwepesi kama kanga iliyokauka kwenye kamba. Nikajitia kumweka vizuri. Kumwaibisha mama mkwe mbele ya mgeni ni kuivua nguo nyumba nzima, na mimi nimo humo ndani.

Matilda alipoondoka, nusu glasi ilibaki mezani. Minza akaamka, akaiona, akainyooshea mkono, na bibi yake akampa. Mtoto alikunywa yote, akaulamba ukingo wa glasi.

"Bibi," akasema, "mgeni atarudi lini?"

Mama mkwe akacheka. Mimi sikucheka. Hapo ndipo uvumilivu uliponiishia.

Kesho yake asubuhi nilivaa gauni langu la kanisani, nikamfunga Minza mgongoni, nikatokea mlango wa nyuma. Nikaizunguka nyumba nikasimama mlango wa mbele. Mchezo na mama mkwe si jambo dogo. Utani ni wa bibi na mjukuu. Mkamwana hana utani pale.

"Hodi hapa!"

"Karibu, karibu!" aliitika kwa ile sauti yake ya wageni. Kisha akaniona. "Elina? Umepatwa na nini wewe?"

Nikapiga magoti. "Mwangaluka, mayu," nikamwamkia Kisukuma, kama mtu anavyomwamkia mama yeyote.

"Mwangaluka," akajibu, kwa sababu salamu haiachwi bila jibu.

"Mimi ni mpita njia, mayu. Natoka Kalemela. Ziwa limetuchukulia nyumba. Nina mtoto mgonjwa hapa mgongoni. Naomba maji ya kunywa."

Bodaboda ilipita barabarani na mlio wake ukaishia mbali. Niliiona hasira ikimpanda, nikajisemea basi, leo narudishwa kwetu. Lakini macho yake yalikuwa yameteremka kwenye miguu ya Minza iliyoning'inia kiunoni kwangu. Miguu hiyo alikuwa akiiona kila siku, na kitu cha kila siku mtu hukizoea. Sasa aliitazama kama miguu ya mtoto wa mtu anayetoka mbali.

"Kalemela sehemu gani?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kule chini, karibu na ufukwe. Nyumbani kwa Ng'wana Masalu."

"Namfahamu," akasema. "Hakuwa mtu wa kumnyima mtoto maji."

Akainuka. Hakuniita nimsaidie. Akaondoa kitambaa, akafungua koki, akaijaza glasi mpaka ikamwagikia mkononi, akamnywesha Minza yeye mwenyewe, amechuchumaa sakafuni na magoti yake mabovu. Mtoto akamaliza, akaomba nyingine, akapewa. Nilitaka kulia na nilitaka kucheka, na sikujua kipi kianze.

Lakini mdomo wangu haujui kutosheka. "Na mwenye nyumba, mayu? Mwenye nyumba anakunywa maji gani?"

Macho yake yakaenda uani, kwenye ndoo yetu, nikaelewa. Ndoo ile ile ya lambo. Tangu chujio liingie nyumbani alikuwa hajaonja hata tone. Zile alfajiri alizokuwa akitoka mbio kwenda nyuma ya nyumba, akirudi ameshika tumbo na kusema ni uzee, haukuwa uzee. Nami nilikuwa nimelala na hasira zangu, nikihesabu tumbo moja tu.

"Nilisema nitakunywa siku tukipata kwetu," akasema.

"Mayu, kwetu si ndiyo hapa?"

Hakunitazama. Nikaichukua glasi kutoka mkononi mwake, nikaijaza, nikampa kwa mikono miwili kama nilivyompa Matilda. Aliishika kwa muda mrefu. Kisha akanywa, polepole, mpaka chini, machozi yakimtiririka bila sauti, na alipomaliza akajifuta uso kwa upindo wa kanga na kukunja pua.

"Hayana ladha," akasema.

"Ndivyo yalivyo maji safi."

"Hayana ladha kabisa," akalalamika, akaninyooshea glasi nimwongeze.