Bitana ya Mama Vifungo

Ukitaka kumkosesha usingizi Bi Mkasi, usimtukane. Matusi aliyajibu papo hapo, na chenji akarudisha. Mletee kitambaa cheupe, kisha mwambie mvaaji ataonwa na watu wengi na hakitakiwi kuonyesha kitu. Hapo ndipo angekaa kitandani akihesabu mishono mpaka jogoo wa jirani aamue kusema.

Alikuwa fundi cherehani, Mwislamu, mjane mwembamba mwenye mgongo wa kuinamia kazi. Jina la Mkasi alipewa kwa sababu ya kazi, ingawa mteja yeyote aliyewahi kumtuhumu kwamba amempunja kitambaa alitoka pale akijua sababu ya pili. Katika chumba kile kimoja cha kushonea alikuwa na mwenzake, Mama Vifungo, ambaye alishona vifungo, akapiga pasi, na kucheka vichekesho vyote, hata vya jana. Huyu alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye hatua za taratibu kama mtu aliyebeba sinia la vikombe. Walikuwa pamoja tangu mabinti zao wakibebwa mgongoni.

Mama Vifungo alipoanza kusali katika kanisa la Wamormoni, Bi Mkasi aligundua kwa sababu ya chai. Asubuhi moja alimimina vikombe viwili kama kawaida, na kimoja kikapoa.

"Dini gani hiyo inakataza chai?" aliuliza.

"Hii."

"Na pombe?"

"Nayo."

"Hapo tumekutana. Na sigara?"

"Nayo."

"Sasa wewe pombe hunywi, sigara huvuti. Wamekuonea kwenye chai tu, mwenzangu."

Mama Vifungo alicheka mpaka akaweka pasi chini. Wahubiri wawili vijana wa kanisa hilo, wenye mashati meupe na vibandiko vya jina kifuani, wakawa wanapita pale dukani mara kwa mara. Bi Mkasi alishangaa kusikia kijana asiye na hata kivuli cha ndevu akiitwa Mzee kwa cheo, lakini aliwashonea suruali zao zilizochanika kwa baiskeli, nao wakambebea cherehani ya pili siku ilipohamishwa dirishani. Mambo yakaenda hivyo, bila mtu kumvuta mtu, mpaka siku Mama Vifungo alipofunga mlango katikati ya mchana na kusema amekubali kubatizwa.

"Kwao ni kuzamishwa," alisema. "Mwili mzima."

Bi Mkasi aliacha kukanyaga cherehani. Duniani palikuwa na mtu mmoja tu aliyejua habari ya kisima, naye ndiye huyo aliyeacha kukanyaga. Mama Vifungo aliwahi kutumbukia kisimani akiwa mtoto, akatolewa kwa kuvutwa nywele. Mpaka leo uso aliufuta kwa kitambaa kibichi. Hakujimwagia maji kichwani.

"Utaweza?"

"Mara moja nitaweza. Nimefanya mazoezi ya kubana pumzi. Mara moja tu, nifumbe macho, iishe. Mara ya pili usiniambie."

Kanisa lilikuwa na nguo nyeupe za kuazima, ila zote zilikuwa za watu wenye miili ya kawaida. Ya Mama Vifungo ilibidi ishonwe, na nani mwingine angeshona? Shemeji yake Bi Mkasi, mtu wa maneno mengi na kazi chache, alimwuliza kama haoni vibaya kushonea ibada ya watu wengine.

"Nimeshona suti uliyovaa mahakamani," Bi Mkasi alimjibu. "Hukuniuliza kama naona vibaya."

Alishona kwa roho yake yote. Katika maisha yake alikuwa ameshonea harusi, shule, hospitali na misiba, na kanuni yake ilikuwa moja: nguo isimshike mtu wala isimtangaze. Kwa hiyo alikata gauni pana, akaliwekea ndani bitana nzima, kitambaa cha pili cha kusitiri, kwa kuwa cheupe kikilowa humwaga siri. Bitana kwa kawaida huachwa huru kule chini. Yeye aliogopa ikiachwa huru itapanda, imwache mwenzake miguu wazi mbele za wanaume. Akaishona kwenye pindo, mzunguko mzima, mishono midogo kama mchele. Alijisifu moyoni, na hilo nalo halikuwa jambo lake la kila siku.

Siku yenyewe alivaa hijabu yake ya kijivu, akakaa mstari wa mbele katika ukumbi mdogo wenye zulia. Mbele palikuwa na mlango wa kukunja, na nyuma ya mlango birika la vigae la kushuka kwa ngazi, ambalo maji yalikuwa yamefunguliwa tangu asubuhi. Aliyekuja kukaa kando yake alikuwa dada mmoja mchangamfu mwenye taulo mapajani.

"Gauni ni zuri mno," dada wa taulo alinong'ona. "Maana za kuazima zinatusumbua. Unajua lazima vyote vizame, mtu na nguo. Hata kidole, hata ncha ya pindo ikibaki juu ya maji, tunarudia."

"Mnarudia nini?"

"Kuzamisha. Mpaka izame yote. Wapo mashahidi wawili wa kuangalia."

Bi Mkasi alifumba macho. Aliliona lile gauni kichwani, akaligeuza ndani nje, akauona mshono wake wa mchele uliozunguka bila hata nafasi ya kupenya sisimizi. Nguo mbili, zimefungwa chini. Na katikati yake? Hewa. Katika kazi zake zote hakuwahi kushonea maji.

"Ngoja," alisema, akiinuka nusu, lakini wimbo ulikuwa umekwisha, mlango umekunjwa, na Mama Vifungo alikuwa tayari kwenye ngazi ya pili, macho yamemtoka, mkono umemshika rais wa tawi, yaani kiongozi wa kanisa lile. Huyo rais wa tawi siku za kazi alikuwa fundi wa friji, mtu mwembamba kiasi kwamba ungeogopa zaidi kwa ajili yake.

Maji yalipofika magotini, gauni likaanza. Likavimba taratibu, likapanda, likamzunguka Mama Vifungo kama mwavuli uliogeuzwa na upepo. Alilikandamiza kushoto, likapanda kulia. Watoto wa mstari wa mbele walikohoa kicheko. Fundi friji aliinua mkono wake wa kulia, akasema sala yake fupi, akamlaza nyuma majini. Uso ukazama, nywele zikazama, mikono ikazama. Kule magotini pindo likabaki juu, limenona kama mto wa kulalia.

Mashahidi walikuwa mwalimu mstaafu na muuza simu. Walitazamana. Mwalimu akatikisa kichwa kwa huruma, kama anayemrudishia mtoto mzuri daftari lenye kosa.

"Tunarudia, dada yangu," fundi friji alisema kwa upole.

Mama Vifungo alikuwa anakohoa. Alilielewa lile neno. Alipanda ngazi, akapita katikati ya watu akichuruzika, akaingia chumba cha kubadilishia.

Bi Mkasi alimfuata. Alimkuta amekaa kwenye benchi, anatetemeka mpaka benchi linalia.

"Maji yamenikataa," alisema Mama Vifungo.

"Maji hayana akili ya kumkataa mtu. Ni mimi." Bi Mkasi alipiga magoti kwenye dimbwi, akashika pindo. "Nimefunga bitana mpaka chini. Nilitaka ikusitiri. Nimekushonea puto, mwenzangu."

Alisubiri kicheko. Mwenzake, aliyecheka vya jana, hakucheka cha leo, na hilo ndilo lililomtisha Bi Mkasi kuliko yote.

"Kule chini nimesikia kile kimya," Mama Vifungo alisema. "Cha kisimani. Ni kile kile. Niliahidi mara moja, nimeingia. Imeisha."

"Niruhusu nifumue."

"Fumua. Hiyo nguo hairudi majini."

Bi Mkasi alitoa mkasi mdogo mkobani, akaanza kukata mshono wake mwenyewe. Ulikuwa mshono mzuri, kwa hiyo uligoma. Kitambaa kilicholowa kiliteleza, akajichoma mara mbili, akaendelea. Mlango ukagongwa.

"Hakuna haraka," sauti ya fundi friji ilisema. "Dada akipenda, tuahirishe mpaka wiki ijayo."

Walitazamana. Wote wawili walijua kwamba wiki ijayo haipo. Mama Vifungo angepata mafua, kisha mgeni, kisha aibu ya kuonana na watu wale, na mwisho angekaa Jumapili nyumbani akiwa si wa huku wala wa kule. Na kila akishona kifungo angelikumbuka pindo, na aliyelishona amekaa hatua mbili kutoka kwake.

Bi Mkasi alifungua mdomo amsukume. Ulimi, ule ulimi wa kukatia watu, haukuwa wa kazi hii. Angemsukumaje? Kwake yeye mtu hashurutishwi katika dini, na hii hata haikuwa dini yake. Akimsukuma na mwenzake akazimia mle majini? Asipomsukuma? Alikata, akakata, mpaka uzi wa mwisho ukaachia na bitana ikaning'inia huru. Alitazama saa ukutani kwa kukosa pa kutazama.

"Mwenzangu, adhuhuri inanipita."

Mama Vifungo aliinuka. Aliinuka bila kufikiri, kama anavyoinuka mtu pasi ikinuka kuungua. Alijifunga taulo mabegani, akachukua mkoba wa Bi Mkasi.

"Hapa usisalie, maji kila mahali. Darasa la watoto lina picha. Twende chumba cha viti, hakina kitu ukutani."

"Umejuaje?"

"Nilikuja kukiangalia asubuhi. Elekea kwenye ile swichi ya taa. Simu ya fundi friji ina dira, nilimwomba aniangalizie."

Bi Mkasi alibaki amesimama. Asubuhi ya siku ambayo kisima chake kilikuwa kinamngoja, mwanamke huyu alikuwa anamtafutia mwenzake upande wa kusalia. Alitia udhu kwenye sinki haraka haraka, akaingia kati ya viti vilivyokunjwa, na Mama Vifungo akavuta mlango, akasimama nje.

Dukani ilikuwa hivyo hivyo kila adhuhuri. Bi Mkasi akisali nyuma ya pazia, Mama Vifungo hukaa mlangoni kuwazuia wateja, na hakuna mteja aliyewahi kumpita. Sasa, akiwa ameinama, Bi Mkasi alisikia nyayo zikija koridoni, sauti ya dada wa taulo ikiuliza jambo, kisha sauti ya mwalimu mstaafu.

"Mwenzangu anasali," Mama Vifungo alisema. "Ngojeni kidogo."

Ilikuwa sauti yake ya dukani, nzito, isiyo na mtetemo. Bi Mkasi aliyekuwa ndani alimaliza rakaa zake, na baada ya salamu akainua viganja. Alikuwa ameshaombea wagonjwa, wasafiri na mitihani ya watoto. Hakuwahi kuombea pindo. Aliomba lishuke. Kisha akaomba kwamba, likikataa kushuka, mwenye nguo asivunjike.

Alipofungua mlango, Mama Vifungo alikuwa pale pale, ameziba njia yote.

"Ulikuwa unaniombea?"

"Bitana kwanza. Wewe nimekuweka mwisho."

Kicheko kilikuja, kidogo, cha puani, lakini kilikuja.

"Ikipanda tena?"

"Sidhani."

"Unaapa?"

"Siapi kwa ajili ya kitambaa."

Mama Vifungo alimrudishia mkoba wake. Angedanganywa angejua. "Basi twende sasa hivi," alisema, "kabla sijapata akili. Na wewe usikae kule kwenye viti. Simama karibu nikuone."

Watu walirudi mahali pao bila kelele. Watoto safari hii walitulia. Bi Mkasi aliacha viatu kando, akasimama penye ukingo wa birika, na hakuna aliyemwondoa. Mama Vifungo alishuka akimtazama yeye tu. Ngazi ya tatu, pindo likainuka. Kisha mapovu yakatoka chini ya gauni, mengi, kama sufuria inayoanza kuchemka, na kitambaa kikaanza kulegea, upande mmoja, halafu wa pili.

Fundi friji aliinua mkono, akasema sala. Akamlaza.

Uso ulizama. Ncha moja ya pindo, karibu na kifundo cha mguu, ilibaki juu. Fundi friji aliiona. Mikono yake myembamba ilikuwa inatetemeka kwa uzito, lakini hakumwinua. Alimshusha zaidi, akangoja, na kila kitambo alichongoja kilikuwa kile kimya cha kisimani, na Bi Mkasi alikijua, akabana pumzi na yeye. Ncha iligeuka. Ikaelea juu ya maji. Ikazama.

Mama Vifungo alitoka majini akivuta hewa kwa kishindo, maji yanamtiririka machoni, hamwoni mtu. Mashahidi walikuwa wanaitikia kwa vichwa, wote wawili, lakini yeye hakuwaelekea wao.

"Imezama?" aliuliza kama kipofu, mkono mbele.

"Yote," Bi Mkasi alisema, akaupokea ule mkono. "Hata uzi haukubaki."

Ndipo Bi Mkasi alipojiona naye amesimama ngazi ya pili, maji magotini, hijabu imelowa pembeni, na fundi friji anajisogeza apate nafasi.