Salamu za Saa Nne

Mama yake alikuwa fundi cherehani, na katika chumba chao kimoja redio ndiyo iliyokuwa mtu wa tatu. Mtoto alijifunza kutangaza kabla hajajua kusoma. Alisoma taarifa ya habari kwenye kopo la maziwa. Alitangaza mpira ambao haukuchezwa popote. Majirani wakambandika jina la Kasuku, naye akaliona sifa.

"Kasuku, leo mvua ipo?" walimuuliza akiteka maji bombani.

"Maeneo mengi yatakuwa na mawingu," alijibu kwa sauti nzito ya mtu mzima, na ndoo kichwani.

Alipomaliza shule aliandika barua saba kwa kituo cha redio, zote zikaliwa na kimya. Ya nane aliipeleka kwa miguu. Wakampa kazi ya kupanga barua za wasikilizaji. Akazipanga miaka mitatu, hadi asubuhi moja mtangazaji wa salamu alipokauka sauti kwa mafua, na mkuu wa vipindi akatazama kulia na kushoto asimwone mwingine ila Kasuku. Mtangazaji yule alipohamia kituo kingine, kipindi cha saa nne kikawa cha Kasuku moja kwa moja.

Akapata umaarufu wa ajabu. Akiomba sabuni dukani, watu wanageuka. "Wewe si yule wa salamu?" Wanacheka naye, wanampa mkono, wanaenda zao. Katika chumba alichopanga mbali na mama yake alipika chakula cha mtu mmoja, akala akiwa amesimama.

Mama yake alifariki Jumanne, saa nne na robo, binti akiwa hewani. Fundi mitambo alipokea simu, akamtazama kupitia kioo, akaamua kusubiri kipindi kiishe. Majirani walimfariji kwamba redio ilikuwa wazi kando ya kitanda: "Amekusikia mpaka mwisho." Yeye akawaza, amenisikia nikisalimia watu nisiowajua.

Hilo hakumwambia mtu. Siku ya tisa alirudi kazini, sauti ile ile.

Katika barua za kila wiki kulikuwa na moja ya mzee mstaafu wa posta, mwandiko umenyooka kama uliopigiwa rula: "Nawasalimu wote wanaonikumbuka." Wengine walijaza mashemeji na mabinamu ukurasa mzima. Huyu hakutaja mtu. Kasuku alizisoma salamu hizo miaka miwili, kisha Alhamisi moja, siku yake ya mapumziko, akachukua anwani nyuma ya bahasha akaenda.

Mzee alifungua mlango, miwani ikiwa kwenye paji la uso.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwana..." Akaitambua sauti. "Ni wewe! Kumbe mfupi hivi! Nilidhani unagusa dari."

Wakacheka. Akamiminiwa chai. Bila barua mkononi hakujua pa kuanzia.

"Redioni maneno hayakuishii," mzee akasema. "Hapa mbona umetulia kama maji ya mtungini?"

"Kule nasoma ya watu, baba."

"Basi sema yako. Mimi sina haraka, na humu ndani wa kuniita hayupo."

Akaisimulia ile Jumanne yote: simu, kioo, salamu alizozisoma huku mama akikata roho. Mzee hakukimbilia kusema pole. Alizungusha kikombe chake mara mbili tatu.

"Mke wangu aliaga dunia nikiwa dirishani posta nagonga mihuri," akasema. "Barua za watu zilifika zote siku ile."

Kasuku akalia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Alikwenda kila Alhamisi kwa miezi saba. Kisha mguu wa mzee ukaanza kumsumbua, na binti yake wa kumzaa akaja kumchukua akakae naye mkoa wa mbali, ambako masafa ya kituo hayafiki. Kasuku alimsaidia kufunga mizigo, akamsindikiza hadi basi likaondoka.

Sasa Alhamisi huketi mezani akamwandikia barua ndefu, kwa mwandiko wake mbaya. Majibu huchukua wiki tatu. Yeye husubiri.