Mstari wa Nane

Asubuhi ile Rukiyo alivua nguo nyeupe za eda, akazifua, akazianika uani, na hakusikia kitu moyoni. Miezi minne na siku kumi ilikuwa imekwisha. Wanawake wa mtaa wake wa Galbet walikuja na ubani na hina, wakamzunguka wakizungumza, naye akakaa katikati yao kama gunia la mchele. Masha Allah, walisema, Rukiyo ana subira. Subira gani! Subira ni ya mtu anayeumia. Yeye alikuwa na ganzi tu, toka utosini hadi unyayoni. Juzi alishika sufuria ya moto kwa mkono mtupu, akaitazama ngozi ikivimba kana kwamba ni ya jirani.

Wageni walipoondoka, shemeji yake Salah akabisha hodi.

"Assalamu aleikum, dumashi," alisema, akimwita hivyo kwa kuwa ni mke wa kaka yake. Alibaki amesimama mlangoni, macho chini. "Nimekuja kuomba mashine ya marehemu. Mathenge imefunika makaburi. Jana nilikwenda kumwombea Olow dua, wallahi kaburi lenyewe sikulifikia."

"Iko kwenye gunia," Rukiyo alijibu.

"Na ile karatasi. Mimi kusoma sijui. Nisomee kama ulivyokuwa ukimsomea yeye."

Mathenge ni mti usio na adabu. Ukate leo, kesho umechipua matawi saba, na mwiba wake hupenya soli ya kiatu. Olow alikuwa akiukata kwa msumeno wa petroli. Ndiyo kazi iliyowalisha. Kila akimaliza aliufungua vipandevipande, akausafisha, akautia guniani. Siku ya kuuunga tena, Rukiyo aliyefika darasa la saba alikaa mkekani na kumsomea mistari tisa aliyoandikiwa na fundi wa mji wa Mwingi. "Mikono yangu, macho yako," Olow alimwambia. Watu wakisema ajali haina kinga, alibisha: "Kinga ipo, uvivu ndio mwingi!"

Na mtu huyo wa kinga aliuawa na nini? Mwiba! Kazi imekwisha, buti amezivua, anakwenda na ndara zake kutia udhu. Mwiba mmoja. Mguu ulipovimba Rukiyo alisema hospitali. Salah akasema ugonjwa na moto havikai pamoja, akaleta mzee wa kuchoma. Wiki nzima Olow akachomwa kwa msumari wa moto, mguuni, tumboni, shingoni, mpaka taya zikafunga. Pepopunda, daktari alisema, mngemleta mapema. Rukiyo hakumlaumu Salah kwa neno hata moja. Kumsamehe, hilo nalo hakulifanya.

Sasa alikuwa amekaa mkekani uani, karatasi yenye madoa ya oili mkononi, na Salah amechutama mbele ya gunia.

"Wa kwanza," alisoma. "Vaa glavu, miwani na buti."

Salah akavaa glavu na miwani. "Buti?"

"Hazipo," Rukiyo alisema. Zilikuwa chini ya kitanda. Hata yeye hakujua kwa nini amedanganya, na hakujali.

Mstari wa pili, Salah akalipachika lile bamba refu la chuma. Wa tatu, akauzungusha mnyororo juu yake.

"Umeuvisha kinyume," Rukiyo alisema bila kuinua sauti. "Meno ya juu yaangalie mbele. Hivyo utapata moshi tu, mti haukatiki."

Salah akaugeuza. Akaukaza hadi usilegee chini na bado uvutike kwa vidole, akafunga nati kwa spana. Akatia petroli iliyochanganywa na oili, kisha oili ya mnyororo kwenye tangi lake. Mstari wa saba ukamtaka afute iliyomwagika na kuihamisha mashine hatua kadhaa mbali na dumu. Akafanya hivyo, mtiifu kama mtoto wa madrasa.

Rukiyo akautazama mstari wa nane. *Sukuma kinga ya mbele, breki ishike mnyororo. Isiposhika, usiwashe.* Breki ndiyo inayousimamisha mnyororo mashine ikiruka kuelekea usoni. Na hii ilikuwa imekufa. Olow alimwambia siku ileile ya mwiba: kesho naipeleka kwa fundi. Kesho hiyo haikufika, na kwa alivyojua Rukiyo, siri hiyo ilikuwa yake peke yake.

Akasikiliza ndani yake kama kuna kitu kitakachomkataza. Kimya. Hata chuki hakuiona, na hilo lilimtisha kidogo.

"Wa mwisho," alisoma. "Weka chini, kanyaga mshikio wa nyuma, vuta kamba."

Salah akaiweka chini. Akakanyaga, akashika kamba. Hakuvuta.

"Dumashi, umeruka mmoja."

"Upi?"

"Wa breki. Marehemu aliusema kwa sauti kila mara, hata nje ya ua tulikuwa tukiusikia. Nimeijaribu sasa hivi ulipokuwa umeinama. Haishiki."

Rukiyo akainua macho kutoka kwenye karatasi. "Kama unajua, mbona umeshika kamba?"

Salah hakugeuka. "Mimi ndiye niliyemwita yule mzee wa moto. Nimesema moyoni, Rukiyo akinyamaza, navuta. Nakwenda nayo makaburini, na liwalo na liwe. Ni haki yako."

Mkono ulikuwa bado kwenye kamba. Pale uani zile nguo nyeupe zilikuwa zimeshakauka, na Rukiyo akamwona akilini Idil, mke wa Salah, msichana wa kucheka ovyo, akizivaa. Ndipo kiganja chake kilichoungua kikaanza kumuuma. Kikamuuma haswa, mpaka kifuani.

"Achia hiyo kamba!" alipiga kelele. "Achia, mjinga wewe! Unataka Idil naye akae kama nilivyokaa? Achia!"

Salah akaachia. Wote wawili wakawa wanalia, Rukiyo kwa sauti, Salah akiwa amejificha nyuma ya miwani ya kaka yake. Rukiyo akausoma mstari wa nane, wote, hadi *usiwashe*, na kamasi zikimchuruzika bila haya.

Walipotulia, alimtolea shoka badala ya mashine. Kisha akaingia ndani, akapiga magoti, akazivuta buti kutoka chini ya kitanda.

"Vaa," alisema. "Na usizivue mpaka uwe umerudi nyumbani kwako. Hata kwa udhu, Salah. Zivulie ndani."